Trotwari ya Kisangani ni ya nani? Historia ya njia ya mguu katika mji wetu

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Makiso, Mangobo, Tshopo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, pamoja na ninyi jamaa mliofika hapa mjini mkikimbia vita: leo tunazungumza juu ya kitu ambacho kila mtu anakikanyaga, lakini ni wachache wanaokifikiria. Ni ile sehemu ya kando ya barabara, iliyoachwa kwa ajili ya mtu anayetembea kwa miguu. Wengi wetu tunaiita trotwari, kama Wafaransa.

Mtu mwenye miguu miwili mizima akikuta trotwari imezibwa na meza ya mayunite, anashuka barabarani, anapita, anapanda tena. Ni hatua tatu tu, na hata hakumbuki. Mtu anayetembea na magongo, au anayesukumwa katika kigari, hawezi kufanya hivyo. Kwake ile meza ni ukuta. Anabaki barabarani pamoja na pikipiki, toleka na makamyo, tangu nyumbani hadi sokoni. Kipofu naye, ambaye fimbo yake inatafuta ukingo wa njia, anakuta kanivo lisilo na kifuniko.

Watu wengi wanasema kwamba hayo ni mambo ya fujo za siku hizi. Historia inaonyesha kwamba yalianza zamani. Trotwari zetu zilijengwa kwa ajili ya watu wachache, zikaachwa zife, kisha zikageuka kuwa mahali pa kutafutia chakula. Na katika miaka ileile zilipokuwa zinakufa, vita vilikuwa vinaongeza idadi ya watu wanaozihitaji kuliko wote. Tufuate habari hiyo hatua kwa hatua.

Njia za mto na mji wa Wazungu

Mji huu ulianzia majini. Wagenia walivua kwenye maporomoko, na watu wa kandokando walisafiri kwa mitumbwi. Wangwana waliotoka mashariki, pamoja na wafanyabiashara wa Zanzibar, walileta Kiswahili tunachozungumza leo. Mwezi wa 12 mwaka 1883 Henry Morton Stanley aliweka hapa kituo kwa niaba ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, na mwaka 1887 Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, akafanywa gavana wa maporomoko hayo. Njia za nchi kavu zilikuwa nyembamba, za kupita mmoja nyuma ya mwingine, mizigo ikiwa kichwani.

Mwaka 1906 reli ya kutoka ng'ambo ya kushoto kwenda Ponthierville, leo Ubundu, ilianza kazi. Ina urefu wa kilomita karibu 125. Kwa sababu hiyo upande wa Lubunga ukawa mahali pa wafanyakazi wa reli, na upande wa kulia ukawa mji wa ofisi na maduka. Mto ukagawanya mji, na mpaka leo hakuna daraja linalounganisha Lubunga na komini nyingine. Jambo hilo tutalirudia, maana linawahusu sana wahami.

Mji wa ofisi ulipokua na kuitwa Stanleyville, Wabelgiji walinyoosha barabara za katikati, sehemu ambayo leo ni Makiso. Walipanda miti kandokando, wakachimba makanivo ya maji ya mvua, wakajenga maduka yenye barza mbele, ili mnunuzi atembee chini ya kivuli. Trotwari ilikuwa sehemu ya mpango huo. Lakini ilikuwa njia ya nani? Tangu sheria ya mwaka 1931, Waafrika wa mijini waliwekwa katika mitaa yao, iliyoitwa sentra za nje ya mila. Usiku, Mwafrika hakuruhusiwa kuzunguka katika mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Mchana aliingia huko kufanya kazi, jioni akarudi upande wake, ambako njia nyingi zilikuwa za udongo, bila trotwari.

Hapa ndipo tofauti ya kwanza inapoonekana, nayo ipo hadi sasa. Ukitoka katikati ya Makiso kwenda Mangobo au Kabondo, utaona mahali trotwari ya zamani inapokwisha. Mbele ya hapo, kwa sehemu kubwa, haijavunjika: haikujengwa kamwe. Kwa hiyo tunapodai njia kwa watu wenye ulemavu, tusidhani kwamba zamani ilikuwepo njia nzuri kwa wote, na sisi tukaiharibu. Mji ule haukuwafikiria watu wenye ulemavu, na raia wengi weusi pia haukuwafikiria.

Lindi na ugonjwa wa polio

Kuna ukurasa mmoja wa historia yetu ambao vijana wengi hawaujui. Kwenye miaka ya 1950, polio ilikuwa inalemaza watoto duniani kote, na wataalamu walikuwa wakitafuta chanjo. Tangu mwaka 1956, karibu na mji wetu, mahali panapoitwa Lindi, palikuwa na kambi ya sokwe iliyotumiwa na maabara ya Stanleyville. Huko ndiko ilikojaribiwa chanjo ya kumeza ya mtaalamu Hilary Koprowski. Mwaka 1958 chanjo hiyo ilitolewa kwa watu zaidi ya 200,000 katika bonde la Ruzizi, upande wa mashariki.

Jina la mji wetu basi limo katika historia ya vita dhidi ya polio. Lakini miaka mingi baadaye polio iliendelea kulemaza watoto wa Kongo, kwa sababu chanjo haiwezi kufika mahali ambako hakuna njia, hakuna umeme wa kuihifadhi kwenye baridi, na hakuna amani. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili katika nchi yetu alipatikana mwaka 2011, na mwezi wa 8 mwaka 2020 Afrika nzima ilitangazwa kuwa haina tena virusi hivyo vya asili. Aina nyingine ya virusi, inayotokana na chanjo yenyewe mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, imeendelea kuonekana nchini. Kwa hiyo, wazazi, chanjo ya watoto bado ni lazima.

Watoto walioshikwa na polio miaka ya 1970, 1980 na 1990 ni baba na mama wa leo. Wengi wanatembea kwa magongo au kwa vigari vya magurudumu matatu vinavyoendeshwa kwa mikono. Kinshasa, watu wa namna hiyo walijulikana kwa biashara ya ng'ambo: walipewa punguzo la nauli ya kivuko cha kwenda Brazzaville, wakageuza kigari kuwa gari dogo la mizigo, wakalisha familia zao. Goma pia, kwenye mpaka na Rwanda, wafanyabiashara wenye ulemavu wamejulikana kwa kazi hiyohiyo. Huo ni ushahidi kwamba mtu mwenye ulemavu akipata njia ya kupita anafanya kazi kama mwingine. Tunayemwona akiomba mlangoni mwa kanisa, mara nyingi ni mtu aliyekosa njia ya kufika kazini.

Trotwari inakuwa soko

Baada ya uhuru mji ulibadilisha mabwana, na mwaka 1966 ukabadilisha jina, Stanleyville ikawa Kisangani. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Wengi waliopewa hawakuwa na mtaji wala ujuzi wa kuyaendesha, na magazini nyingi zikafungwa. Halafu ukaja uporaji wa miaka ya 1991 hadi 1993, uliokumba miji mingi ya nchi, na Kisangani haikusalimika. Duka lililofungwa halina mtu wa kufagia barza yake, wala wa kutengeneza dale lililovunjika mbele ya mlango.

Wakati huohuo mishahara ilipoteza thamani. Watu wakaanza kuishi kwa ile tunayoiita kwa mzaha Artiklo 15: jitafutie mwenyewe. Mahali pa kwanza pa kujitafutia ni pale watu wanapopita, yaani trotwari. Mama akaweka beseni la sombe na samaki, mwingine akapika lituma, kijana akafungua kibanda cha kutengeneza viatu. Baadaye zikaja kabini za simu na miavuli yake. Hakuna aliyekaa akapanga kuwanyima njia watu wenye ulemavu. Kila mmoja alichukua nafasi ya meza moja, na meza zilipopangana trotwari ikaisha.

Usafiri nao ulibadilika. Magari ya abiria yalipopungua, Kisangani ilijulikana kwa toleka, baiskeli ya kubeba watu, ambayo jina lake kwa Kilingala ni «tupite». Kati ya mwaka 1998 na 2003, vita vilipofunga mto kati yetu na Kinshasa na mafuta yakawa shida, toleka ndiyo iliyoubeba mji. Tunawashukuru vijana wale. Leo pikipiki zimeongezeka, na kila njia panda ina kituo cha kungojea abiria, mara nyingi juu ya kile kipande kidogo cha trotwari kilichobaki.

Kuna jambo jingine la kusema wazi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973 inasema kwamba mali ya Serikali iliyowekwa kwa matumizi ya umma haiingizwi katika biashara, maadamu haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Trotwari ni mali ya namna hiyo. Hata hivyo muuzaji anayekaa juu yake hutozwa ushuru wa kila siku. Mtu aliyelipa anaamini amenunua haki ya kukaa, na nani anaweza kumlaumu? Asubuhi anatozwa, na siku nyingine anafukuzwa kwa amri ya usafi, bidhaa zake zikimwagika. Baada ya wiki chache anarudi, kwa sababu watoto wanakula kila siku. Hivyo trotwari haipati kuwa njia, na mama naye haipati kuwa soko la uhakika.

Mabomu ya siku sita

Sasa tunafika kwenye sehemu inayouma. Mji wetu umepita katika vita vingi: uasi wa Simba mwaka 1964, maasi ya wanajeshi mwaka 1966 na 1967, vita vya 1996 na 1997, na vile vilivyoanza mwaka 1998. Kila kimoja kiliacha majeruhi. Lakini jeraha kubwa la kizazi chetu ni la majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyopigana hapa, katika mji usio wao. Walianza mwezi wa 8 mwaka 1999, wakarudia mwezi wa 5 mwaka 2000, na kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa 6 mwaka 2000 wakapigana siku sita mfululizo, mabomu yakivuka juu ya nyumba za raia.

Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kupima hasara ulihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa na wengine karibu 1,700 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa, shule 69 zilipigwa mabomu, na watu karibu 65,000 walilazimika kuhama. Wazee wa Tshopo na Makiso bado wanakumbuka kulala chini ya vitanda, na kuzika watu katika viwanja vya nyumba kwa sababu makaburini hapakufikika. Hata baada ya bunduki kunyamaza, mabomu yaliyozikwa na yale yasiyolipuka yaliendelea kuwa hatari kwenye mashamba na pembeni mwa mji, na miaka ya kwanza ya 2000 ilibidi wataalamu waje kuyatafuta na kuyaondoa.

Si kila aliyejeruhiwa alibaki na ulemavu. Lakini wako waliopoteza mguu, waliopoteza macho, na waliobaki na vipande vya chuma mgongoni. Aliyekuwa na miaka kumi wakati ule, leo ana zaidi ya thelathini. Ni mzazi, anahitaji kufika sokoni, hospitali, na shuleni anakosoma mtoto wake. Vita viliongeza watu wanaohitaji njia iliyo sawa, na wakati huohuo vikatoboa njia zilizokuwepo.

Miji mingine ilipitia hali kama hiyo. Mjini Kalamazoo, nchini Marekani, baada ya vita vikuu vya pili vya dunia, askari waliorudi wakiwa wamepoteza miguu walishindwa kupanda ukingo wa trotwari. Mmoja wao, mwanasheria Jack Fisher, aliwaomba wakuu wa mji wapunguze ukingo huo kwenye njia panda na kuufanya mteremko. Walijaribu pembe chache kwanza, wakaona inafaa. Haikuwa kazi ya gharama kubwa. Na waliofaidika hawakuwa majeruhi peke yao: mama mwenye kitoto katika kigari, mzee mwenye fimbo, na mtu anayesukuma mzigo, wote walipita kwa urahisi. Mji ule ulikuwa na majeruhi wa vita ukabadilisha njia. Kisangani imekuwa na majeruhi wa vita tangu mwaka 2000, na njia bado ni ileile.

Mguu unalipwa, njia je?

Kwenye karatasi nchi yetu imesonga mbele. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za kumlinda. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 9 cha Mkataba huo kinataja waziwazi barabara, usafiri, majengo, shule na hospitali kuwa mahali ambapo vizuizi vinapaswa kutambuliwa na kuondolewa. Kifungu cha 11 kinataka watu wenye ulemavu walindwe wakati wa vita na maafa. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 mwezi wa 5 mwaka 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za mtu mwenye ulemavu. Anayedai trotwari leo, basi, anakumbusha sheria. Haombi sadaka.

Mwaka huohuo wa 2022 lilitokea jambo kubwa la pili. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo mwaka 2005 ilikuwa imeitia Uganda hatiani, tarehe 9 mwezi wa 2 iliiamuru ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili ulioporwa. Malipo yalipangwa kuwa dola milioni 65 kila mwaka kwa miaka mitano. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mwaka 2006 Mahakama hiyo ilisema haina uwezo wa kusikiliza kesi ile. Kwa ajili ya kugawa fidia, Serikali iliunda fuko la FRIVAO, lenye makao yake hapa Kisangani.

Katika ile milioni 225 ya madhara ya watu, Mahakama ilihesabu waliokufa, waliojeruhiwa, waliobakwa, watoto waliotiwa jeshini, na pia watu waliolazimika kuhama makwao. Jamaa wahami, lishikeni hilo: mahakama ya juu ya dunia imekubali kwamba kuhamishwa kwa nguvu ni jeraha linalostahili fidia.

Mwathirika ana haki ya kupokea fedha yake mkononi, na hakuna anayepaswa kumchagulia namna ya kuitumia. Lakini tufikirie: mtu aliyepoteza mguu mwaka 2000 akipokea fidia, akanunua kigari kizuri, akafika mlangoni kwake, atakwenda wapi? Mbele yake kuna kanivo wazi, rundo la mchanga, meza na pikipiki. Fidia inamtambua mtu, lakini njia yake inabaki mikononi mwa mji, mkoa na Serikali. Na hiyo haihitaji kungoja hukumu ya mahakama yoyote.

Jamaa waliovuka mto

Mwezi wa 2 mwaka 2023 ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola ulilipuka katika komini ya Lubunga, ukaenea hadi maeneo ya Ubundu na Opala. Maelfu ya watu walikimbia, nyumba zikachomwa. Familia zilivuka mto, zikalala makanisani, shuleni, kwa ndugu na katika kambi. Wengine wamefika Kisangani kutoka mbali zaidi, kutoka mapigano ya Kivu na Ituri.

Mtu mwenye ulemavu anapokimbia, mara nyingi hubebwa mgongoni, na kigari au magongo hubaki nyuma. Akifika ng'ambo, anashushwa kutoka mtumbwini juu ya matope, kisha anakuta ngazi na ukingo mrefu wa bandari. Kwa mwenyeji, kizuizi ni shida anayoijua: anajua kanivo liko wapi, anajua jirani wa kumwita. Mhami haijui njia wala majirani. Trotwari iliyozibwa inaweza kumzuia asifike mahali pa kujiandikisha, mahali pa kugawiwa chakula, au kituo cha afya. Asipofika, jina lake halimo kwenye orodha, na asiyekuwemo kwenye orodha huhesabiwa kama hayupo. Kwa hiyo wanaogawa misaada wapange vituo mahali penye njia tambarare, na wakuu wa kambi waandike majina ya watu wasioweza kutembea na kuwapelekea msaada wanapolala.

Na tukumbuke pia kwamba baadhi ya akina mama wanaouza juu ya trotwari ni wahami wenyewe, na wengine wana ulemavu. Wanaogombea kile kipande cha kando ya barabara mara nyingi ni maskini kwa maskini. Ndiyo maana kufukuza watu kwa nguvu hakumalizi tatizo.

Kinachowezekana

Kwa kigari kimoja kupita, inatosha upana wa sentimita 90. Kwa kigari na mtu mwingine kupishana, mita moja na nusu. Barabara nyingi za Makiso zina nafasi hiyo, zikigawanywa vizuri. Chama cha wauzaji wa kila barabara kinaweza kukaa na mkuu wa kata, wakapiga mstari wa rangi chini: ndani ya mstari ni meza, nje ya mstari ni njia. Ushuru utozwe tu kwa meza iliyo ndani ya mstari. Hapo risiti ya ushuru italinda njia, badala ya kuiuza.

Makanivo yafunikwe kwa madale ya simenti, kwanza mbele ya hospitali, shule, masoko na ofisi za komini. Kwenye njia panda, ukingo ukatwe uwe mteremko mlaini: kwa kila sentimita moja ya kwenda juu, sentimita 12 za urefu. Fundi yeyote wa mji huu anaweza kupima hivyo kwa kamba na mbao. Vituo vya pikipiki na toleka viwekewe nafasi yao, maana ukimwambia kijana asisimame hapa bila kumwonyesha pa kusimama, atarudi palepale. Na barabara mpya inapojengwa au kutengenezwa, watu wenye ulemavu waitwe kabla ya simenti kumwagwa. Kuvunja baadaye ni ghali, kuuliza mapema ni bure.

Sisi raia pia tuna sehemu yetu. Wakati wa Mobutu watu walitolewa kwa amri kufanya salongo, na wengi waliichukia kwa sababu ilikuwa ya kulazimishwa. Lakini kusafisha kanivo la mbele ya nyumba yako, kuondoa rundo la matofali uliloacha tangu mwaka jana, au kusogeza pikipiki mita moja, hakuhitaji amri ya rais. Mwenye duka la mayunite akitaka kujua kama ameacha njia, ajaribu kupita hapo akiwa amefumba macho, na fimbo mkononi.

Komini zetu sita zina majina ya watu waliojeruhiwa katika siku sita za mwaka 2000, na majina ya watoto wa polio ambao sasa ni wazee. Viongozi wa mji wanaweza kuanza na barabara moja tu: kutoka soko kuu hadi hospitali. Iwekwe wazi, ipimwe, ifunikwe makanivo, kisha waalikwe wenye magongo, wenye vigari na vipofu waipite kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kushuka barabarani. Ikiwezekana kwa barabara hiyo, tutakuwa na kipimo cha kudai ya pili.